Kibao Mlangoni, Jiko Nyuma: Kinachoamua Vyakula vya Mataifa Mengi Jijini

Majiji makubwa hupenda kujisifu kwa wingi wa migahawa yake. Vipeperushi vya utalii hutaja mapishi ya Kiitaliano, Kichina, Kihindi, Kijapani, Kilebanoni na Kimeksiko kana kwamba orodha hiyo ni sensa ya wakazi, na msomaji hubaki akiamini kwamba kila jamii iliyohamia mjini ilifungua jiko na kuanza kuwauzia wenyeji kile inachokula nyumbani. Maelezo hayo yanafaa kwa baadhi ya migahawa, lakini yakipimwa kwa mifano yanachakaa upesi. Kuanzia mwaka 1975, wapiganaji wa kikomunisti wa Khmer Rouge walipotwaa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, maelfu ya wakimbizi wa Kambodia walipokewa katika jimbo la California, na biashara ya chakula iliyowainua wengi wao ilikuwa ya donati, andazi la Kimarekani lenye tundu katikati. Mmoja wa waliotangulia, Ted Ngoy, alijifunza kazi hiyo kwa kuajiriwa katika kampuni iliyokuwa na maduka mengi, akanunua duka lake mwenyewe, kisha akawafundisha na kuwakodishia ndugu na wakimbizi wenzake, hata maduka mengi ya donati yasiyo ya kampuni kubwa kusini mwa California yakawa mikononi mwa Wakambodia. Mtu anayehesabu jamii za Los Angeles kwa kusoma vibao vya mitaani hawezi kuwaona watu hawa.

Makosa hutokea pia kwa upande wa pili, pale kibao kinapotaja taifa ambalo mwenye mgahawa hatoki. Migahawa mingi ya Uingereza inayoitwa ya Kihindi imemilikiwa kwa miongo mingi na watu wa Sylhet, eneo lililo kaskazini mashariki mwa Bangladesh ya leo. Jijini Paris, sushi ya Kijapani ya bei nafuu mara nyingi hutoka katika majiko ya familia zenye asili ya China. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini jiji fulani lina mapishi haya na halina yale anapaswa kuanza mbali kidogo na ladha. Aanze na sheria inayosema nani anaruhusiwa kufanya kazi gani, aende kwenye kodi ya pango na idadi ya walaji wanaofikika, atazame mahali viungo vinakotoka, na mwisho achunguze picha ambayo mlaji huwa nayo kichwani kabla hajaketi mezani. Katika hayo yote, naona sheria ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi.

Chakula cha walio mbali na kwao

Mgahawa wa chakula cha kigeni ni jambo la kale kuliko tunavyodhani. Katika mji wa Kaifeng, uliokuwa makao makuu ya China chini ya watawala wa Song wa Kaskazini kuanzia mwaka 960 hadi 1127, palikuwa na nyumba za kulia zilizojulikana kwa mapishi ya kusini na nyingine kwa mapishi ya Sichuan, zikiwa kando ya zile za kaskazini zilizozoeleka. Kumbukumbu ya mji huo iliyoandikwa mwaka 1147 inaeleza biashara hiyo kwa undani. Wateja wa migahawa ya kusini walikuwa hasa maofisa na wafanyabiashara waliotoka nchi ya wali, ambao ngano na nyama ya kondoo ya kaskazini haikuwaridhisha. Kaifeng ilipotekwa mwaka 1127 na serikali kuhamia Hangzhou, mambo yaligeuka: sasa wakimbizi wa kaskazini ndio waliofungua migahawa ya kwao katika mji wa kusini. Karne iliyofuata mwandishi mwingine alisema kwamba watu walikuwa wamekwisha kuzoea hali ya mahali hapo na kwamba chakula cha kusini na cha kaskazini kilikuwa kimechanganyika, hakitenganishwi tena.

Habari hiyo fupi ina karibu safari yote ambayo mapishi ya kigeni hupitia mjini: yanaanza kwa kumlisha mgeni mwenye hamu ya nyumbani, yanavuta wenyeji, kisha yanayeyuka ndani ya chakula cha mji. Paris ya karne ya 18, ambako mtindo wa mgahawa wenye meza za kila mtu na menyu yenye bei ulikuzwa, nayo ilikuwa na wageni wake wa ndani. Mwaka 1786 wanaume watatu kutoka Provence walifungua mgahawa uliojulikana kama Les Trois Frères Provençaux, ukiwapa wakazi wa Paris samaki na mapishi ya kusini mwa Ufaransa wakati ambapo kusini palihesabiwa kuwa mbali sana.

Lakini si kila safari hufika. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India aliyewahi kutumikia jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, alifungua Hindoostane Coffee House jijini London, karibu na Portman Square. Aliwalenga Waingereza waliorudi kutoka India wakiwa na fedha na kumbukumbu, akawapa mchuzi wa viungo, viti vya mianzi na chumba cha kuvutia kiko. Mwaka 1812 alitangazwa kuwa amefilisika. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba matajiri wale walikuwa na uwezo wa kuweka wapishi wao nyumbani, na Waingereza wengine hawakuwa bado na sababu ya kukitafuta chakula hicho. Chakula kilikuwepo na mpishi alikuwepo; mlaji ndiye aliyekosekana. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla Veeraswamy, ambao bado unatajwa kuwa mgahawa wa Kihindi mkongwe kuliko yote iliyobaki London, haujafunguliwa mwaka 1926, nao ulianzishwa na Edward Palmer, mtu mwenye damu ya Kiingereza na ya Kihindi ambaye alijua kuwafanya wakubwa wa himaya wajione wako kwao.

Mhuri wa uhamiaji jikoni

Mfano ulio wazi kuliko yote wa sheria kupanga menyu unatoka Marekani. Mwaka 1882 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1943. Wachache walisamehewa, wakiwemo wafanyabiashara: mtu aliyetambuliwa rasmi kuwa mfanyabiashara aliweza kusafiri kwenda China na kurudi, na aliweza kuleta mke na watoto wake. Kwa miaka mingi mwenye mgahawa hakuhesabiwa katika kundi hilo. Mwaka 1915 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba mwenye mgahawa naye anaweza kuhesabiwa, na tangu hapo migahawa ya Kichina iliongezeka kwa kasi katika miji ambayo haikuwa na Wachina wengi kiasi hicho.

Masharti ya maofisa wa uhamiaji yanastahili kutazamwa kwa makini, maana yaliingia hadi katika umbo la biashara. Mgahawa ulipaswa kuwa wa daraja la juu. Aliyeomba hadhi ya mfanyabiashara alipaswa kuwa ameusimamia kwa mwaka mzima bila kufanya kazi ya mikono: asipike, asihudumie meza, asioshe vyombo. Watu wa kawaida wa Taishan, wilaya ya jimbo la Guangdong kusini mwa China walikotoka wengi wao, hawakuwa na mtaji wa kufungua ukumbi wa kifahari kila mmoja peke yake. Wakaunganisha akiba zao, wengine kwa upatu wa ukoo, wakafungua mgahawa mmoja mkubwa wenye washirika wengi, kisha wakapokezana umeneja: huyu mwaka huu au mwaka na nusu, yule baada yake, kila mmoja akijipatia haki ya kusafiri na kuleta jamaa zake kwa zamu. Ndiyo sababu mlaji wa Kimarekani wa miaka ya 1920 alikutana na kumbi pana zenye taa za rangi, bendi ya muziki na sahani ya chop suey, mchanganyiko wa nyama na mboga, iliyorekebishwa kwa ulimi wake. Yeye aliona mtindo mpya wa mjini, na wenye mgahawa walikuwa wakihesabu miezi iliyobaki ya zamu.

Ujerumani ilifika mahali panapofanana kwa njia tofauti. Oktoba 30, 1961 serikali ya Ujerumani Magharibi ilitia saini makubaliano na Uturuki ya kuleta wafanyakazi wa viwandani, baada ya makubaliano ya aina hiyo na Italia mwaka 1955 na Hispania na Ugiriki mwaka 1960. Waliokuja walitakiwa waje, wafanye kazi, waondoke. Mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei na uchumi ukayumba, uajiri ulisimamishwa. Waliokuwa ndani waling’amua kwamba anayetoka hatarudi, kwa hiyo wengi walibaki na wakaita familia zao, huku kazi za viwandani zikipungua. Kibanda cha chakula kikawa njia ya kujiajiri kwa mtaji mdogo na bila kuhitaji Kijerumani fasaha wala cheti cha ufundi. Nyama ya kuzungushwa kwenye chuma kilichosimama ilikuwa na historia ndefu Uturuki, ikiliwa kwa sahani; jijini Berlin ya miaka ya 1970 ilitiwa ndani ya mkate, ikaongezwa kabichi na mchuzi, ili mtu aile huku akitembea. Wanaodai kuwa wa kwanza kufanya hivyo ni wengi, na ubishi huo una faida kwa wadai peke yao. La maana ni kwamba chakula hicho kina umbo la mteja wake: mfanyakazi au kijana wa Berlin mwenye haraka na sarafu chache.

Wanaume wa Sylhet nao walifika Uingereza kupitia vyumba vya mashine vya meli za mvuke, ambako walichochea makaa kwa ujira duni. Baadhi yao walitoroka meli bandarini London wakatafuta kazi katika majiko ya migahawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili walinunua au kupanga mikahawa midogo iliyoharibiwa na mabomu na maduka ya samaki na chipsi, wakaendelea kuuza samaki na chipsi hizo huku wakiongeza wali na mchuzi pembeni, na wakakesha wazi hadi saa ambazo baa zimefungwa na walevi wanatafuta kitu cha kula. Walichopika hakikuwa chakula cha Sylhet, chenye samaki wa mtoni na uchachu wa ndimu. Walitengeneza mfumo: rojo moja ya vitunguu na viungo iliyochemshwa kwa sufuria kubwa tangu asubuhi, ambayo jioni iligeuzwa kwa dakika chache kuwa korma, madras au vindaloo, majina yaliyokuja kumaanisha ngazi za ukali wa pilipili. Kibao kilisema India kwa sababu India ndiyo iliyojulikana kwa mteja. Bangladesh yenyewe ilipata uhuru mwaka 1971, na wakati huo majina yalikuwa yamekwisha kuzoeleka. Mwaka 2001 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikiita chicken tikka masala, kuku katika rojo ya viungo, chakula cha kweli cha taifa la Uingereza. Hotuba hiyo ilisifu uvumilivu wa Waingereza. Kuhusu waliokesha jikoni ilisema machache.

Hesabu ya matumbo na ya pango

Sheria inaeleza nani anasimama jikoni. Kwa nini mji mmoja uwe na mgahawa wa Kigeorgia au wa Kiuyghur na mwingine usiwe nao ni suala la hesabu. Kila mgahawa unahitaji idadi fulani ya walaji wa kulipia pango, mishahara na gesi. Pizza inapendwa na wengi, hivyo mji wa watu elfu chache unaweza kuitunza pizzeria moja. Mapishi yanayotafutwa na mtu mmoja kati ya mia kadhaa yanahitaji mji wa watu wengi sana, na tena waishi karibu vya kutosha, kwa sababu mtu hatavuka jiji kwa saa mbili kila wiki ili kula tambi. Ndiyo maana msongamano una nguvu kama idadi yenyewe: majiji mawili yenye watu sawa hutofautiana ikiwa moja limejibana na lina treni nzuri na jingine limetawanyika kandokando ya barabara kuu. Wachumi waliochunguza majiji ya Marekani wameona pia mpangilio wa ngazi, kwamba jiji lenye mapishi adimu kwa kawaida lina na yale ya kawaida yote, ilhali mji mdogo huishia kwenye ngazi za chini. Kutokuwepo kwa mgahawa fulani mjini, basi, hakumaanishi kwamba wakazi hawapendi mambo mapya. Pengine hawajatosha tu.

Kisha kuna jengo. Jiko la biashara linahitaji bomba la kutoa moshi hadi juu ya paa, kinasa mafuta kwenye mfereji wa maji machafu, umeme au gesi ya kutosha na vibali vya zimamoto na afya, na gharama hizo zinaweza kumaliza mtaji wa mtu mdogo kabla hajanunua hata gunia la mchele. Kwa sababu hiyo mgahawa mpya huingia mara nyingi mahali ambapo mwingine umekufa. Tanuri ya pizza inarithiwa na mwokaji wa mikate bapa. Jiko la wok, karai la Kichina, lenye moto mkali linapita kutoka kwa Mkantoni kwenda kwa Mvietnamu. Anayetembea mtaa huohuo kwa miaka 30 huona mataifa yakibadilishana milango, na huenda akadhani anaona mabadiliko ya ladha, kumbe kwa sehemu anaona mabomba ya moshi yakibadilisha wapangaji.

Migahawa ya aina moja hupenda kukaa pamoja, jambo linaloonekana la ajabu kwa washindani. Mteja ambaye hajaamua hufuata mtaa, hafuati mgahawa. Muuza viungo hufungua duka palipo na wanunuzi kumi. Mpishi anayeacha kazi hupata nyingine mlango wa pili. Hasara yake ni kuigana. Katika barabara ya Brick Lane jijini London, menyu za miaka ya neema zilifanana kiasi kwamba kilichobaki kushindania kilikuwa punguzo la bei na ufundi wa vijana wa kuwaita wapita njia mlangoni. Mtaa wenye vibao 40 unaweza kuwa na chakula cha aina tatu.

Viungo vinavyosafiri

Hata mpishi mwenye kibali, wateja na bomba la moshi anategemea kitu kinachoota mbali. Waethiopia waliokimbilia Washington baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 hawakuwa na unga wa teff, nafaka ndogo ya kwao, wa kutosha kwa ajili ya injera, mkate wao bapa wenye uchachu, wakatumia mchanganyiko wa ngano na nafaka nyingine ili kupata uchachu na vitundu vinavyokaribiana na vya nyumbani. Katika miaka ya 1980 Wayne Carlson, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi Ethiopia, alianza kuuza teff iliyolimwa Idaho, na mashamba hayo yalikuwa na thamani zaidi pale Ethiopia ilipopiga marufuku mwaka 2006 kuuza nje nafaka hiyo ghafi ili bei isipande kwa wananchi wake. Injera iliyokwisha kupikwa haikuzuiwa, na ikaendelea kusafiri kwa ndege. Kwa hiyo katika jiji moja mlaji anaweza kukutana na injera ya Addis Ababa, ya Idaho na ya ngano, zote chini ya jina lilelile.

Safari ya viungo huenda pande zote mbili. Wajapani hawakuwa na desturi ya kula samoni mbichi, kwa kuwa samoni wa Bahari ya Pasifiki huwa na vimelea. Katikati ya miaka ya 1980 Norwei, ikiwa na samoni wengi wa kufugwa, ilianzisha mradi wa kuwashawishi Wajapani wamle mbichi, na baada ya miaka kadhaa ya kukataliwa ilifaulu. Leo sushi ya samoni ni miongoni mwa zinazopendwa zaidi Japani kwenyewe. Mlaji wa jiji la mbali anayeidharau kwa kuiona ya kigeni, na yule anayeisifu kwa kuiona ya kale, wote wanahukumu chakula kilicho kidogo kwa umri kuliko wao wenyewe, pengine.

Hapo ndipo mjadala wa chakula halisi unapoanza kuchosha. Pilipili ilitoka bara la Amerika baada ya safari za Columbus za mwaka 1492, na bila hiyo mapishi ya Thailand, Sichuan na sehemu kubwa ya India yangekuwa mengine. Nyanya ilifika Italia katika karne ya 16. Ramen ya Japani ina asili ya tambi za Wachina waliohamia bandari za nchi hiyo. Anayetaka chakula kibaki kama kilivyokuwa lazima kwanza achague mwaka. Hata hivyo siwafuati wale wanaohitimisha kwamba uhalisia hauna maana yoyote. Kuna tofauti kati ya mpishi aliyebadilisha kiungo kwa kuwa hakipatikani na mwekezaji aliyenunua jina la taifa pamoja na mapambo ya ukutani. Mlaji ana haki ya kujua analipia lipi kati ya hayo mawili.

Bei ya heshima

Na malipo ndiyo yanayofichua mengi. Krishnendu Ray wa Chuo Kikuu cha New York, aliyefuatilia kwa miaka mingi bei na sifa za migahawa ya wahamiaji katika jiji hilo, ameonyesha kwamba mlaji hulipa bei kubwa bila kunung’unika kwa mapishi ya nchi zenye nguvu na utajiri, na hunung’unikia bei ya mapishi ya watu anaowaona mitaani wakiwa vibarua. Chakula cha Kiitaliano kilihesabiwa cha bei ya chini, chenye harufu ya vitunguu saumu, wakati Waitaliano walioshuka New York walikuwa maskini. Kilipanda daraja wajukuu wao walipopanda. Chakula cha Kijapani kilipanda pamoja na uchumi wa Japani katika miaka ya 1970 na 1980. Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa ambayo imechapisha mwongozo wake tangu mwaka 1900, ilipotoa ule wa kwanza wa Tokyo Novemba 2007, iliipa migahawa ya mji huo nyota 191 za ubora, nyingi kuliko za Paris. Kupika bakuli la tambi za Kichina zilizovutwa kwa mkono kunaweza kuhitaji ustadi na saa nyingi kama sahani ya Kifaransa, lakini anayethubutu kuzitoza bei ileile hukuta meza tupu. Ndiyo sababu wengi huchagua taifa linalolipa: Mchina wa Paris anaandika sushi mlangoni kwa akili ya biashara, na simwoni kuwa na kosa.

Serikali nyingine zimeuelewa mchezo huu na kuuingilia. Thailand ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai duniani, ambayo wakati huo ilikadiriwa kuwa 5,500 hivi, kwa mafunzo ya wapishi, mikopo na mifano ya namna mgahawa unavyoweza kupangwa kulingana na mfuko wa mwenyewe. Mkataba wa biashara na New Zealand ulioanza kutumika mwaka 2005 uliwafungulia wapishi wa Kithai wenye sifa njia yao wenyewe ya kupata viza. Marekani ina watu wenye asili ya Thailand takribani 300,000 tu, ukilinganisha na makumi ya mamilioni wenye asili ya Meksiko, lakini hata miji midogo huko huwa na mgahawa wa Kithai. Hapa hakuna wimbi la wahamiaji lililotangulia. Kuna wizara, benki na tambi za pad thai, ambazo nazo zilienezwa na serikali ya Phibun, waziri mkuu wa Thailand, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ili kujenga utaifa.

Programu za simu za kuagiza chakula zimeongeza utata mwingine, ingawa mdogo kuliko unavyotangazwa. Jiko moja lisilo na meza linaweza kuonekana kwenye simu kwa majina matano: hapa baga, pale mabawa ya kuku, kwingine tambi za Asia, yote yakipikwa na watu walewale. Kamisheni ambayo kampuni hizo hutoza, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 30 ya bei, humlazimisha mwenye jiko kuuza kinachovumilia safari ya pikipiki na kuacha kinachopoteza utamu ndani ya boksi. Majina yanaongezeka kwenye skrini huku sahani zikipungua.

Katika majiji machache safari imefika mwisho wake, pale ambapo chakula cha kigeni kimekoma kuwa cha kigeni. Kati ya mwaka 1849 na 1874 Wachina wapatao 100,000 walipelekwa Peru kwa mikataba migumu ya kazi za mashamba na za kuchimba mbolea ya kinyesi cha ndege visiwani. Waliomaliza mikataba walihamia Lima, wakafungua majiko madogo karibu na soko kuu, na migahawa yao, iitwayo chifa, leo iko katika kila mtaa wa jiji. Lomo saltado, nyama ya ng’ombe iliyokaangwa kwa moto wa wok pamoja na soya, kisha ikapewa chipsi na wali, huorodheshwa na Waperu kuwa chakula chao bila maelezo ya ziada.

Kwingine safari hukatika kabla ya hapo, na mara nyingi hukatwa na mafanikio ya wenyewe. Watoto wa wenye migahawa ya Sylhet nchini Uingereza walisomeshwa kwa fedha za rojo ile ya vitunguu ili wasije wakasimama mbele yake. Wakawa wahasibu, wafamasia na mawakili. Wapishi wa kuwarithi wazee walitakiwa kutoka nje, na Aprili 2024 serikali ilipandisha kiwango cha chini cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kutoka pauni 26,200 hadi pauni 38,700 kwa mwaka, fedha ambazo mgahawa wa mtaani wenye meza 15 hauwezi kumlipa mpishi mmoja. Wenye migahawa wanaobaki wanafupisha menyu, wanapunguza siku za kufungua au wanatangaza jengo lipangishwe pamoja na jiko lake, na mpangaji anayefuata ndiye atakayeamua mtaa huo ule nini.